Wa Kwanza Kusema

Ungetaka kuijua Rongai ya miaka ile, ungefumba macho tu usikilize. Kila mashine ya kusaga unga ilikuwa na sauti yake. Ya Shantilal, pale nyuma ya duka lake, ilikohoa polepole, tuku, tuku, tuku, kama mzee asiye na haraka. Ya Gachanja, kule karibu na reli, ilikuwa na kelele nyembamba ya kuudhi. Na ya Kimaiyo, juu kwenye njia ya kanisani, ilipiga mluzi, kwa sababu Kimaiyo mwenyewe alikuwa amefunga kopo la mafuta ya kupikia kwenye mdomo wa ekzosi ili wanawake waisikie toka mbali na waje kwake. Hata mtoto mdogo angekwambia leo inasaga mashine ya nani. Hilo tulishike, maana ndilo lililokuja kumuumbua Kimaiyo.

Kabla ya kuwa na mashine yake, Kimaiyo alikuwa mfanyakazi wa Shantilal. Shantilal ndiye aliyemfundisha kuchonga mawe ya kusagia, kazi inayotaka nyundo ndogo, mkono mwepesi na sikio. Jiwe likiwa butu linapasha unga moto, unga unatoka na harufu ya kuungua, na mama wa Rongai akishanusa hiyo harufu mara moja humwoni tena. Na siku Kimaiyo alipotaka kujitegemea, huyo huyo Shantilal alipanda naye gari mpaka Nakuru kumchagulia injini. Watu walishangaa. Mfanyabiashara gani anamsaidia mtu kuja kumpunguzia wateja? Shantilal alisema mahindi ya Rongai yanatosha watu wote, akarudi dukani kwake kupima sukari.

Basi, ukaja mwaka wa sabini na nne, dizeli ikapanda bei kama imerogwa. Kimaiyo alikaa akakuna kichwa, na wazo likamjia. Ni yeye lililomjia, jameni, si mtu mwingine. Alikwenda kwa Shantilal, akakaribishwa chai ya maziwa nyuma ya duka, akalimwaga.

"Shantibhai, tunaumizana bure," alisema. "Mashine tatu zinanguruma kutwa, kila moja na debe lake moja moja. Tuwe tunasaga kwa zamu. Leo wewe, kesho mimi, kesho kutwa Gachanja. Wale wawili wengine tunasema mashine zimekufa. Wanawake watakwenda wapi? Watapanga foleni kwa yule anayesaga, na bei tunaweka moja, ya juu kidogo."

Shantilal alizungusha kikombe chake. "Kimaiyo, hawa mama wanatuamini. Hii kitu italeta maneno."

"Maneno gani? Mashine haiharibiki?"

"Yako iliharibika lini?"

Wakacheka, na ingekuwa vyema kama mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini Kimaiyo alirudi kesho yake, na safari iliyofuata akaja na Gachanja, mtu ambaye hakuhitaji kushawishiwa mara mbili kwa jambo lolote lenye faida. Mwishowe Shantilal akachoka. Alisema sawa, lakini mpaka dizeli ishuke tu. Dizeli, kama ujuavyo, haikushuka.

Lo, mpango ulivyofanya kazi! Bei ya kusaga ikapanda karibu mara mbili, na hakuna aliyeweza kulalamika, kwani utalalamika kwa nani na mashine nyingine mbili zimelala chali? Wanawake walitoka na debe la mahindi kichwani, wanamkuta Gachanja anafuta mikono kwa tambara, "Pole mama, belti imekatika." Wanapanda kwa Kimaiyo, naye amesimama mlangoni na uso wa msiba, "Pole mama, krenki." Wanashuka tena mpaka kwa Shantilal, wanakuta foleni mpaka barabarani. Cherono, mjane aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, alizunguka hivyo siku moja na mtoto mgongoni, mvua ikimnyeshea. Kimaiyo alimwona. Alimwonea huruma kweli, akaingia ndani ili asiendelee kumwona.

Wiki ile ya mkosi, Kimaiyo alikuwa ametangaza kwamba krenki yake, kile chuma kinachozungusha injini, imepelekwa Nakuru kutengenezwa. Na Jumapili, wageni wa posa ya binti yake Sally walikuwa wanatoka Molo. Asubuhi hiyo mkewe, Chepkemboi, akachungulia kwenye pipa, akaita.

"Baba Sally! Wewe mwenye mashine, utawapa wakwe zako ugali wa nini? Unga hakuna!"

Kimaiyo alichungulia pipa mwenyewe. Jumapili hakukuwa na zamu; Gachanja alikuwa amefunga, Shantilal naye amefunga. Akafikiri, sasa hivi Rongai nzima iko kanisani, nani ataona? Akaingia kwenye kibanda cha mashine na gunia lake moja, akavuta stata, injini ikawaka. Haraka ilikuwa nyingi. Kopo lile kwenye ekzosi hakulikumbuka kabisa.

Na kanisa, kumbuka, lilikuwa hapo hapo juu. Mchungaji alikuwa katikati ya sala, watu wameinamisha vichwa, pale mluzi ulipoingia dirishani. Kila mtu aliujua. Chepkemboi, aliyekuwa ametangulia kwenda kanisani, alijifunika uso kwa leso. Halafu Cherono akafungua macho, akasema kwa sauti bila kujali sala, "Ati krenki imefufuka?"

Watu waliangua kicheko. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu kila mama alianza kufikiria. Walipotoka waliketi kwenye nyasi, wakakumbushana nani aliambiwa nini siku gani, na hawakupata hata siku moja ambayo mashine mbili zilikuwa nzima. Cherono akakunja leso yake. "Hawa wanaume watatu wametufanya punda," alisema, na kesho yake akapanda basi kwenda Nakuru, kwa afisa wa kudhibiti bei.

Afisa huyo aliitwa Khisa. Alikuja Rongai na Landrova, akawaita wenye mashine wote watatu chini ya paa la soko, akawaangalia mmoja mmoja bila hasira yoyote. Hiyo ndiyo iliyomtisha Kimaiyo. Mtu mwenye hasira unaweza kumtuliza.

"Mko watatu," Khisa alisema. "Njama kama hii haina shahidi isipokuwa nyinyi wenyewe, najua. Kwa hivyo nimeongea na mwendesha mashtaka. Wa kwanza kuja ofisini kwangu na kusema yote, huyo atakuwa shahidi wangu. Hashtakiwi, leseni yake haiguswi. Wa pili nitamwombea apunguziwe. Wa tatu, pole yake. Lakini mnisikie vizuri. Aliyeanzisha hii kitu simsamehe, hata akija alfajiri akapiga magoti. Huyo atafungiwa mashine. Nawapa mpaka Ijumaa."

Landrova ikaondoka. Watatu wale walibaki wamesimama kama watu waliogongana njiani na hawajuani. Gachanja alikohoa, akaenda zake. Shantilal alitaka kusema neno, akamtazama Kimaiyo, akalimeza.

Kimaiyo hakulala wala hakula. Mashine ile ndiyo iliyosomesha watoto wake, na wageni wa Molo walikuwa wameahidi kurudi mwisho wa mwezi kumalizia mazungumzo ya Sally. Watarudi kwa nani? Kwa mtu wa mahakamani? Alijua vizuri kabisa nani alianzisha. Alijijua yeye. Lakini alianza kujidanganya kidogo kidogo, namna mtu anavyojidanganya akiwa na shida. Mbona Shantilal alikubali? Mbona chai ilinywewa kwake? Na chumba si kilikuwa chake?

Alhamisi asubuhi alivaa koti la kanisani, akaomba lifti kwenye lori la mahindi. Walikuwa wamefika nusu ya njia pale pikapu ya Shantilal ilipotokea mbele yao, ikija kutoka Nakuru. Shantilal alikuwa peke yake. Alimwona Kimaiyo juu ya kiti cha lori, akainua mkono polepole, akapita.

"Ameniwahi," Kimaiyo alisema kwa sauti.

"Nani?" dereva aliuliza.

Kimaiyo alikaza macho barabarani. Amekwenda kunitaja, aliwaza. Amekwenda kusema ni mimi, na ni kweli ni mimi, na sasa nimekwisha. Na kadiri lori lilivyokaribia mji ndivyo hofu ilivyogeuka hasira, na hasira, jameni, ni tamu kuliko aibu. Alifika ofisini akiwa amemchukia Shantilal kabisa, kwa kosa ambalo hata hakujua kama Shantilal amelitenda.

Khisa alikuwa anakunywa chai. "Kaa."

"Nimechelewa?" Kimaiyo aliuliza. "Ile nafasi ya kwanza... kuna mtu?"

"Bado iko."

Kimaiyo alishusha pumzi. Hapo angejiuliza, sasa yule alifuata nini huku? Lakini mtu akitupiwa kamba mtoni haulizi ni ya nani. Alijiambia Shantilal lazima alifuata vipuri, basi.

"Kwangu kuna swali moja kabla ya yote," Khisa alisema akichukua kalamu. "Nani alianzisha?"

Kimaiyo aliangalia dirisha. Nje watu walikuwa wanavuka barabara na mizigo yao, hakuna aliyejua wala kujali.

"Ni yule Mhindi," alisema.

Hata jina hakulitaja. Mtu aliyemshika mkono akamwonyesha jinsi ya kusikiliza jiwe, alimwita yule Mhindi, kwa sababu jina lingemkwama.

Khisa aliandika bila kuinua kichwa. "Nilidhani hivyo," alisema.

Ilikuwa rahisi mno. Kimaiyo alikuwa amejitayarisha kuapa, kutia chumvi, kulia ikibidi. Hakuulizwa mara ya pili. Mambo mengine yote aliyasema kama yalivyokuwa, zamu, bei, belti na krenki, na kila ukweli alioutoa uliushikilia ule uongo mmoja vizuri zaidi. Mchana wa siku hiyo hiyo Gachanja naye alifika mbio, na alipoulizwa kama ni kweli Shantilal ndiye aliyeanzisha, aliona upepo unaelekea wapi, akasema ndiyo, ndiyo kabisa.

Kesi ilikuwa fupi. Hakimu alimuuliza Shantilal ana nini cha kujibu. Shantilal alisimama na kofia mkononi, akamtazama Kimaiyo kwenye benchi la mashahidi, akamtazama kwa muda mpaka Kimaiyo akainamia viatu vyake.

"Mashine nilifunga kwa zamu, ni kweli, na naomba msamaha kwa hao mama," alisema. "Kuanzisha sikuanzisha. Lakini hawa wawili wamesema, na mimi niko peke yangu. Nani hapa ataniamini mimi?"

Alisema bila uchungu, kama anayeuliza njia. Na miaka ile leseni za Wahindi kama yeye zilikuwa tayari zinaning'inia kwa uzi, cheti cha uraia uwe nacho usiwe nacho. Uzi ukakatwa. Shantilal alitozwa faini, mashine yake ikafungwa, na leseni ya duka haikurudishwa. Gachanja alipunguziwa, lakini faini aliyobaki nayo ilimfanya auze injini. Kimaiyo alitoka mahakamani bila doa. Nje Cherono alimpa mkono. Aliupokea, akauachia haraka.

Siku Shantilal alipohama, Kimaiyo alijaribu kukaa mbali. Miguu ikampeleka. Alikuta pikapu imepakiwa magodoro na sufuria, na Vidya, mke wa Shantilal, anafunga kamba mwenyewe. Walikuwa wanakwenda kwa mtoto wao Navin, Nakuru, mtaa wa Section 58.

"Mama Navin, pole," Kimaiyo alisema.

Vidya aliiachia kamba. "Umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kuaga."

"Haya, basi nikuambie kitu uende nacho." "Ile Alhamisi mlipopitana njiani, unajua alikuwa anatoka wapi? Kwa huyo Khisa. Alikuwa wa kwanza. Wa kwanza! Alitaka kusema makosa yenu wote watatu, muombe msamaha pamoja. Khisa akamwambia, taja kwanza aliyeanzisha. Akasema hilo hawezi. Akaambiwa basi nafasi hana, arudi nyumbani akafikirie. Nilimpigia kelele hapa, huyu mzee, nilimwita mjinga. Mtaje! Si ni Kimaiyo? Si nilimpikia chai mimi mwenyewe wakati anasema? Akaniambia ngoja mpaka kesho, Kimaiyo nimempita njiani, pengine anakwenda kusema mwenyewe. Ati Sally ana wageni, ati baba wa binti atajwe na mdomo wake mwenyewe, si na wa rafiki."

Kimaiyo alisimama pale kama mti uliokauka. Yale yote aliyokuwa amejiambia, ameniwahi, alifuata vipuri, chumba kilikuwa chake, yalimporomokea kwa mpigo. Nafasi ile aliyoipata wazi ilikuwa wazi kwa sababu mtu mmoja alikataa kuingia humo kwa kumkanyaga yeye. Alitamani Vidya ampige kofi.

Shantilal alitoka dukani na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Akakifungua. Ilikuwa ile nyundo ndogo ya kuchongea mawe, mpini wake umekuwa mweusi kwa mikono ya wote wawili.

"Jiwe lako la chini limekuwa butu," alisema. "Nalisikia toka hapa. Lichonge kabla ya mahindi mapya."

"Shantibhai..."

"Sikupi zawadi. Huko ninakokwenda sina jiwe." Akaingia kwenye pikapu, akafunga mlango, na safari hii hakuinua mkono.

Mwezi ule wageni wa Molo walirudi, wakala, wakasifu unga, posa ikaisha vizuri. Kila mtu alifurahi. Kimaiyo alikula kidogo, akasema tumbo linamsumbua.

Halafu chifu akaitisha baraza. Alitaka kuwashukuru watu kwa kusimama na ukweli, na hasa, alisema, ndugu yetu Kimaiyo, ambaye pamoja na kuvutwa kwenye njama, alikuwa wa kwanza kusema. Makofi yakapigwa. Akaambiwa asimame atoe neno moja.

Kimaiyo alisimama. Chepkemboi alikuwa amekaa mbele, na alipouona uso wa mumewe alijua kitu kibaya kinakuja. Kimaiyo alipiga moyo konde. Alitaka kuitapika ile takataka, liwalo na liwe, mashine waichukue.

"Ni mimi," alisema. "Si Shantilal. Mimi ndiye nilianzisha. Nilikwenda kwake mara tatu, nikambembeleza, yeye alikuwa hataki. Nilimsingizia kwa afisa. Nilidanganya."

Mbuzi alilia mahali fulani. Kimaiyo alingoja mawe, matusi, chochote.

Cherono ndiye aliyeanza. Alitikisa kichwa akitabasamu, akawageukia wenzake. "Mnamwona? Muone vile ana roho nzuri. Huyo tajiri alimtumikisha ujana wake wote, akamtia kwenye wizi, na bado anataka kumbebea mzigo!"

"Si kumbebea!" Kimaiyo alipaza sauti. "Mama, nisikie. Ni kweli!"

"Kaa, baba Sally, tumekuelewa," chifu alisema kwa upole. "Ulikuwa mfanyakazi wake, unamwonea huruma. Hata mahakama imeshasema." Na makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza.

Kimaiyo alimtazama Gachanja, aliyekuwa nyuma kabisa ameegemea nguzo. Gachanja peke yake alijua. Gachanja akaangalia angani kama mtu anayetafuta mvua.

Kesho yake asubuhi foleni ilikuwa kubwa, maana mashine iliyobaki Rongai ilikuwa moja. Kimaiyo alikuwa amelichonga jiwe. Alikuwa amelitoa kopo la ekzosi pia, akalitupa mbali. Cherono alikuwa wa mbele, akatua debe lake.

"Sasa baba Sally, bei ni ngapi? Tulikuwa tunasema na hawa wenzangu, wewe sema tu. Wewe hatukuulizi mara mbili."

Hapo alikuwa na kila alichokitaka siku ile ya chai. Hakuna zamu, hakuna mshindani, bei ni mdomo wake, na wanawake wale wale wamempa kwa hiari yao.

"Ile ya zamani," alisema. "Ile ya kwa Shantilal, kabla ya hii takataka yote. Hakuwa na bei mbaya. Na mabaki ya chini ya jiwe mchukue bure kwa kuku, kama alivyokuwa anawapa."

Cherono alikunja uso. Wanawake wa nyuma waliguna.

"Bei iwe hiyo, tunashukuru," alisema. "Lakini hilo jina, baba Sally, usitutajie hapa tena. Mwizi ni mwizi."

Kimaiyo alifungua mdomo kumjibu, akaona nyuso zote zinamngoja kwa upendo, na akajua hakuna hata moja itakayomsikia. Akapokea debe, akamimina mahindi, akawasha injini.

Section 58 si mbali. Ni nauli ndogo ya basi, asubuhi unakwenda, mchana umerudi. Mpaka leo Kimaiyo hajalipanda hilo basi.